Shangazi Jikoni: Hamu ya Birmingham ndani ya Ujiji

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua zimekuja za jambo moja utadhani mmekaa kikao. Zimetoka Ujiji, Kigoma mjini na Tabora na zote zinahusu watu waliolelewa kwa chakula cha Uingereza ambao sahivi wanaishi huku kwetu. Nilitaka nichague moja nyingine zisubiri lakini nimezisoma usiku nikaona hapana, hili jambo tumelipuuza mno, mtu akisema ana hamu na chakula cha kwao tunamwambia anadeka au anajidai, kumbe mwenzio anaumia kweli. Najibu zote nne.

*

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 29, nimezaliwa na kukulia Birmingham, wazazi wangu ni watu wa Kigoma walihamia kule kabla sijazaliwa. Nimeolewa mwaka juzi na tunaishi Ujiji kwa familia ya mume wangu, nina mimba ya miezi mitano. Chakula cha hapa nakipenda, mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo nakula mpaka nashiba, lakini kuna siku naamka nalia kwa sababu ya tosti na maharage ya kopo, au Marmite ile nyeusi ya kupaka kwenye mkate, au ile sosi ya kahawia ya HP. Najua ni ujinga. Nilijaribu kupika maharage nikatia sukari, mama mkwe akaonja akauliza nani kaharibu mboga. Halafu binamu yangu alinitumia paketi ya biskuti za Digestive, nikaificha kabatini chini ya nguo nikawa nakula usiku, mama akaja kuikuta paketi tupu. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato na kamwambia wifi yangu eti najiona mzungu. Nifanyeje, na je hivi vitu vinapatikana vipi huku?
Mkamwana, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu na hongera kwa ujauzito. Kwanza hilo neno ujinga lifute kabisa. Mi nilikaa Leeds miaka mitatu nikisoma, na kilichokuwa kinanitoa machozi ni dagaa. Picha za nyumbani nilikuwa naangalia vizuri tu, simu ya mama nilikuwa napokea nacheka, lakini nikikumbuka dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakawa wakavu na ndimu pembeni, basi. Kuna mtu alitoka likizo akaniletea kilo moja nikawakaanga siku hiyo hiyo, ilikuwa Januari, jiko tunatumia watu watano na madirisha yote yamefungwa kwa baridi, harufu ikapanda mpaka ghorofa ya juu. Wenzangu wakaja wakafungua madirisha bila kusema kitu, na mi nikabeba sahani yangu nikaenda kula chumbani nimefunga mlango, kama wewe na biskuti zako.

Aliyenitoa kwenye ile aibu ni bibi mmoja jirani. Aligonga akauliza nani anapika kippers. Kippers ni samaki aina ya herring, wanapasuliwa mgongoni, wanatiwa chumvi wanakaushwa kwa moshi, watu wa umri wake walikuwa wanawala asubuhi. Nikamwambia hawa ni dagaa wa ziwa Tanganyika, akaomba aonje, akakaa akala na mkate wa siagi huku ananisimulia jiko la mama yake, jinsi walivyokuwa wanagombania mkia. Miaka baadae ndo nikaja kujua dagaa wetu na herring ni wa ukoo mmoja kwahiyo pua ya yule bibi haikukosea. Nakueleza haya ujue naelewa unachosema na sikuambii kwa kubahatisha.

Na hapo Ujiji ulipo, pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari msafiri kutoka Scotland, ambapo wageni wanapelekwa kupiga picha, huyo mzee mwenyewe alipata shida hiyo hiyo. Mwaka 1867, miaka minne kabla hajakutana na Stanley hapo Ujiji, alipita kwenye njaa kali huko ambako leo ni Zambia, na kwenye shajara yake akaandika kwamba anaota vyakula vizuri vya zamani usiku, na hata akiwa macho vinamjia mbele yake, na yeye mwenyewe akashangaa kwa sababu hakuwa mtu wa kuota ndoto. Mtu mgumu kama yule. Sasa wewe una mimba, kichefuchefu, umeacha ndugu zako wote kule, unashangaa nini ukililia tosti?

Tuje kwa mama mkwe. Mwanangu, mama hajachukia biskuti. Kwetu mtu akila kwa kujificha tunasema mchoyo, hilo umelisikia, lakini mkwe akila kwa kujificha linakuwa zito zaidi, maana yake kwa mama ni kwamba chakula cha nyumba yake hakikutoshi, na wewe una mjukuu wake tumboni. Kila akikuona anajiuliza amekosea wapi kukulisha. Ndo mana anaongea kwa mkato. Kwahiyo usimtume mume wako akaongee kwa niaba yako, hata kama anakupenda na anajua maneno, akienda yeye itaonekana umemshtakia mtoto wake. Nenda mwenyewe, asubuhi akiwa anachambua mboga au anapepeta mchele, kaa chini umsaidie kwanza, halafu umwambie, mama naomba unisamehe zile biskuti nilificha kwa aibu, sikuwa nakunyima. Umweleze na hiyo aibu ilitoka wapi. Usitaje kabisa alichomwambia wifi yako, hilo liache lipite.

Kisha mpikie kastadi kabla ya kitu kingine chochote. Nina sababu. Kastadi ya unga mama anaijua, ipo madukani miaka yote, watu wanaipika sana mwezi wa Ramadhani, na ilianzia kwenu Birmingham! Alikuwepo mtu wa dawa anaitwa Alfred Bird, mke wake alikuwa hapatani na mayai, akila anaumwa, na kastadi ya zamani ilikuwa lazima yai, ndo mume akakaa akatengeneza unga wa kastadi usio na yai mwaka 1837 ili mke wake naye ale. Mpikie mama kastadi ya moto, katia ndizi mbivu za hapo hapo sokoni, na wakati anakula msimulie habari ya huyo mume. Utakuwa umemletea kitu cha kwenu ambacho tayari ni cha kwake.

Baada ya hapo ndo maharage. Ulipokosea ni kumpa mama maharage matamu bila kumwambia ni kitu gani, yeye alitegemea mboga ya ugali akakutana na sukari. Mwambie hii siyo mboga ya ugali, hii inapakwa juu ya mkate. Na mkabidhi yeye kazi ya kuchagua maharage maana kwa maharage Kigoma hatufundishwi na mtu. Ya kopo yanatumia maharage meupe madogo, ukiyakosa chukua ya njano yanayoiva laini, yaloweke usiku, yachemshe mpaka yaive kabisa lakini yasipasuke. Pembeni saga nyanya nne zilizoiva sana na kipande kidogo cha kitunguu, chuja mbegu, chemsha hiyo sosi bila kukaanga, narudia bila kukaanga, mana ukikaanga kitunguu kwenye mafuta tu tayari umerudi kwenye mboga yetu. Tia sukari vijiko viwili vya chai, siki kijiko kimoja, chumvi, pilipili manga kidogo sana, halafu koroga unga wa konifulawa kijiko kimoja na maji ya baridi umimine ili sosi ishike. Mwaga maharage humo yachemke taratibu nusu saa. Yakipoa halafu ukayapasha moto kesho yake ndo yanakuwa yenyewe. Mkate choma kwenye kikaango kikavu au juu ya wavu wa jiko la mkaa, paka siagi, mwagia maharage juu yakiwa ya moto. Pale pembeni ya mkate panapolowa na katikati panabaki pakavu, unapajua mwenyewe.

Hayo maharage yenyewe usimwambie mama ni ya Uingereza toka enzi na enzi. Heinz wanaoyatengeneza ni kampuni ya Marekani, makopo yake yalianza kuuzwa London mwaka 1886 kwenye duka la Fortnum & Mason, duka la matajiri, yalikuwa kitu cha anasa kutoka ng'ambo. Leo mtoto wa Birmingham anayalilia kama ya bibi yake, na ana haki.

Sosi ya HP ndo usihangaike kuagiza. Angalia lebo yake siku ukiipata, kuna ukwaju na tende ndani! Ile uchachu uliokuwa unaupaka kwenye sandwichi ya bekoni ni ukwaju. Na kiwanda chake kilikuwa kwenu hapo hapo Birmingham, mtaa wa Aston, mpaka kilipofungwa 2007 wakahamishia Uholanzi, wazee wa Aston nasikia wanaikumbuka mpaka harufu ya siki barabarani. Chukua ukwaju kiganja kimoja uuloweke maji ya moto, tende kumi toa kokwa, nyanya mbili, siki nusu kikombe, sukari guru kipande, karafuu mbili za kusaga, pilipili manga, chumvi. Chemsha mpaka iwe nzito, chuja kwa chujio la chai, rudisha motoni dakika tano, tia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa. Haitakuwa sawasawa na ile lakini ukifumba macho utafika karibu. Mama akiipenda kwenye mgebuka usishangae.

Marmite sina la kukudanganya, hiyo haitengenezeki nyumbani. Inatokana na masalia ya hamira ya viwanda vya bia, walianza kuitengeneza Burton upon Trent mwaka 1902 kwa sababu viwanda vya bia vilikuwa vimejaa pale. Mara nyingine huwa ipo kwenye supamaketi kubwa za Dar au Nairobi, kwahiyo mwambie mtu anayekuja Kigoma akuangalizie, kachupa kadogo kanakaa miezi na miezi bila friji mana kana chumvi nyingi na unapaka kidogo tu, mkate uonekane chini. Na mama akikuuliza hilo lami jeusi ni nini mwambie hivi, kulikuwa na daktari mwanamke wa Kiingereza anaitwa Lucy Wills, alienda India kwenye miaka ya mwisho ya 1920 kuchunguza kwa nini wajawazito wafanyakazi wa viwanda vya nguo Bombay wanapungukiwa damu, na moja ya vitu alivyowapa wakapata nafuu ilikuwa Marmite. Baadae ikajulikana kilichosaidia ni kile tunachokiita foliki asidi, ndo hiyo hiyo iko kwenye vidonge wanavyokupa kliniki. Vidonge lakini endelea kumeza kama ulivyoelekezwa, mkate wa Marmite hauchukui nafasi ya kliniki.

Niandikie ukijifungua. Na biskuti zikija tena fungua paketi sebuleni.

*

SWALI: Habari za kazi Shangazi. Mi ni mpishi wa gesti Kigoma mjini, tuna mgeni Mwingereza wa makamo, mtu wa kaskazini ya huko kwao, kaja kwa kazi ya miezi mitano na huu ni wa pili. Ni mtu mzuri hana makelele lakini anapungua mpaka naona aibu, bosi ananiangalia mimi. Wiki ya kwanza aliniuliza chai ni saa ngapi nikamwambia saa kumi na moja jioni, nikamletea chupa ya chai na maandazi manne, akanywa akala andazi moja akakaa pale mezani mpaka giza, halafu akaniaga akaenda kulala. Tena chai yenyewe aliacha nusu. Ameniambia anachokumbuka sana ni samaki na chipsi. Samaki nampikia kila siku, chipsi nampa, sasa anakumbuka nini?
Mpishi, Kigoma

JIBU: Salama ndugu yangu, na nimekupenda kwa kuona aibu, wapishi wengi wangesema shauri yake.

Hiyo ya chai imeniuma. Watu wengi wa kaskazini ya Uingereza chakula cha jioni, kile kizito cha siku, wanakiita chai. Leeds walinikaribisha "chai" mara ya kwanza nikaenda nimeshiba nikakuta viazi na nyama na mboga tatu. Yule mtu alikuuliza chakula cha usiku ni saa ngapi, ukamwambia saa kumi na moja, akakaa anasubiri kiletwe mpaka akakata tamaa, na kwa heshima yake hakutaka kuuliza. Kuanzia leo akisema chai jioni mpe chakula, na akisema pudingi ujue anaweza kuwa anamaanisha kitu chochote kitamu cha kumalizia chakula.

Chai ya kunywa nayo ni hivi. Yetu tunachemsha maziwa majani sukari tangawizi vyote kwa pamoja na ni tamu mimi naipenda, lakini kwake hiyo ni kitu kingine kabisa. Chemsha maji yatokote kweli, yamwage juu ya majani kwenye birika, funika dakika nne, mpelekee na maziwa pembeni yaliyochemshwa yakapoa ukatoa utando, na sukari kwenye bakuli lake. Atie mwenyewe. Majani usihangaike kutafuta ya kutoka kwao, chai wanayokunywa Uingereza sehemu kubwa inatoka Kenya na nchi zingine za huku Afrika, tumia nzuri ya Mufindi au ya Tukuyu atakushukuru.

Sasa samaki. Wewe unampa mgebuka mzima wa kukaanga mwenye miba na kichwa, na ni mtamu, lakini anachokililia ni mnofu mweupe usio na mfupa ndani ya ganda la unga. Nunua sangala mkubwa umtoe minofu minene, au kuhe akipatikana. Ifute minofu kwa kitambaa mpaka ikauke, ipitishe kwenye unga mkavu. Rojo lake ni ngano kikombe kimoja, beking poda kijiko kidogo, chumvi ya Uvinza, halafu mimina soda water ya baridi kabisa, ile isiyo na sukari, mpaka iwe kama uji wa mgonjwa mzito kidogo, usikoroge sana. Mafuta yawe mengi na ya moto, dondosha tone la rojo likipanda juu linaimba ndo utie samaki, muwekee taratibu ukimwachia upande wa mbali na wewe mafuta yasikurukie. Dakika sita au saba, ganda liwe la dhahabu na ukiligonga na uma liseme. Mawese usitumie hapa, ladha yake itammeza samaki. Sehemu nyingi za huko kaskazini kwao wanakaangia mafuta ya ng'ombe, ukipata masafi kwa mchinjaji ukayayeyusha ukachuja utamfurahisha mpaka ashangae umejuaje.

Chipsi kata nene, nene kama kidole gumba, zetu za mtaani ni nyembamba. Osha wanga utoke, kausha, kaanga kwa moto mdogo mpaka zilainike bila kubadilika rangi, toa zipoe, halafu zirudishe kwenye mafuta ya moto sana ziive nje. Mezani mwekee chumvi na siki. Siki jamani! Chupa nzima ya siki, atamwagia chipsi mpaka utaona anaziharibu, muache. Kachumbari na tomato sosi weka mbali kidogo, akitaka atachukua.

Na kama unataka kumaliza kabisa, wanakula na njegere kavu zilizopondwa. Loweka njegere kavu usiku na magadi kidogo, wenzetu nao wanaloweka na soda ya kupikia ili zilainike upesi, ujanja ule ule wa mama zetu. Asubuhi mwaga maji, osha, chemsha zivurugike zenyewe, chumvi, basi. Sahani iwe moja vyote vikae pamoja. Mpikie Ijumaa, kwao Ijumaa ndo siku ya samaki, usimwambie kitu, we weka tu mezani.

*

SWALI: Shangazi, shemeji yetu Mwingereza tunaishi naye hapa Tabora na mdogo wake anakuja mwezi ujao kutoka London, kauliza alete nini. Shemeji anasema jibini ya Cheddar na chokleti. Na joto hili?
Familia, Tabora

JIBU: Chokleti ya Oktoba Tabora mtaikunywa na kijiko, labda aje nayo mwezi wa sita. Mwambieni alete vitu vikavu, Digestive, Marmite, unga wa grevi ule wa kupikia mchuzi mzito wa nyama, haradali yao kali ya unga. Majani ya chai asibebe.

Jibini ngumu ya kipande kizima ikifungwa vizuri bila hewa inavumilia safari, lakini kabla hajabeba aulizie ubalozi au shirika la ndege masharti ya kuingiza vitu vya maziwa, asije akanyang'anywa uwanjani. Ikifika msiifunge kwenye nailoni, ifungeni kwa kitambaa safi kilicholowekwa siki kikakamuliwa na mkae nayo sehemu ya baridi, na mle haraka.

Au mtengeneze yenu. Hapo Kwihara nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo ni makumbusho sasa, Livingstone alikaa mwaka 1872 miezi mitano hivi akisubiri wapagazi kutoka pwani, na kwa hamu na kwa maandalizi akawa anatengeneza jibini ya safari. Hakuwa na kimeng'enya cha kugandishia, aliacha maziwa yagande yenyewe, akaandika kwamba yanaganda nusu siku tu kwa hali ya hewa ile na jibini inatoka nzuri ila ina uchachu. Maziwa ya Unyanyembe, ndo huko huko kwenu Tabora, hayajabadilika tabia. Chemsheni lita tatu, yakianza kutokota tieni maji ya ndimu vijiko vinne, yatakatika, mwageni kwenye kitambaa, tieni chumvi, mning'inize yachuruzike, halafu mkandamize na jiwe zito usiku mzima. Cheddar haitakuwa, Cheddar inakaa miezi, lakini shemeji aikate slesi aweke kwenye mkate na chatine ya embe mbichi za Tabora na kitunguu. Chatine hiyo Waingereza waliichukua India wakaifanya yao, jibini na chatine kwenye mkate ni chakula cha mchana cha watu wengi kule.

*

SWALI: Shangazi shikamoo. Namhudumia padri mmoja mzee, Mwingereza, yupo Tabora zaidi ya miaka arobaini, Kiswahili chake kinatushinda hata sisi na Kinyamwezi anakisikia. Miaka yote amekula ugali na mlenda na kisamvu bila shida yoyote. Sasa anaumwa, ni uzee, na tangu apate kitanda anaomba vitu ambavyo hatujawahi kusikia akivitaja, mara uji wa oti, mara wali wa mama yake wa kwenye oveni. Wenzangu wanasema kachanganyikiwa. Uji tumempa wa ulezi akaushukuru lakini hakumaliza. Huo wali ni wali gani?
Mhudumu, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Padri hajachanganyikiwa. Nimeuguza bibi yangu mzaa mama, mwanamke aliyekaa Dar miaka hamsini, mwezi wake wa mwisho hakutaka kitu chochote cha Dar, alitaka ugali wa muhogo na kuhe wa moshi na akaanza kuongea Kiha na watu wasiokijua. Chakula cha kwanza ndo kinachobaki. Nilichelewa kuelewa na siku mbili nilimlazimisha supu, mpaka leo naiona sura yake akigeuka ukutani. Usimlazimishe padri.

Uji wa oti hauhitaji kuhangaika, oti za paketi zipo supamaketi, zipike kwa maji na chumvi kidogo tu halafu maziwa ya baridi pembeni, kama ametoka upande wa Scotland hata sukari hataitaka, muulize.

Wali wa mama yake ni wali wa maziwa. Tunao sisi pia, ila wa kwao unakaa motoni muda mrefu sana mpaka mchele unayeyukia kwenye maziwa na juu panafanya ngozi ya kahawia. Tafuta chenga za mchele wa Nzega au Igunga, chenga ni bora kuliko mchele mzima mana zinatoa uji mzito, tena ni za bei ndogo. Nusu kikombe cha chenga, maziwa lita moja, siagi kijiko, sukari vijiko vitatu kama daktari wake hajamkataza sukari, na kungumanga ukwangue juu. Kungumanga usiache, harufu ile ndo itamwambia ni yenyewe kabla hajaonja. Tia kwenye sufuria pana yenye kimo kifupi, weka juu ya majivu yenye moto kidogo sana, funika na mfuniko wa bati, juu ya mfuniko panga makaa machache, vile unavyooka keki bila oveni. Nusu saa ya kwanza funua ukoroge mara mbili tatu isishike chini, baada ya hapo usiguse. Saa moja na nusu, hata mbili. Utaona pembeni panachemka polepole na juu panaanza kushika rangi.

Mpelekee vuguvugu kwenye bakuli, siyo sahani, na kijiko kidogo. Asali ya miombo weka pembeni, jamu nyekundu kama ipo weka pia, wengi wao walikuwa wanatia jamu katikati wakiwa watoto. Ile ngozi ya juu usiitoe ukidhani imeungua, nyumba zao watoto walikuwa wanaigombania, mkatie yeye yote.